Kidole Nilichonyooshea Mwamba

Nikiwa na miaka minane, nilijua mahali pamoja ambapo mtu hapanyooshei kidole hata akilipwa. Ni mwamba ulio juu ya shamba la Nyanya Mghoi, mama yake baba, kule milimani kwetu Taita. Nyuma ya vichaka vyake kuna pango, na ndani yake wazee wetu wa kale wamepangwa, mafuvu yao tu, kila ukoo na safu yake. Ukilinyooshea kidole, Nyanya alituonya, kitavimba, kitaoza, na utarudi nyumbani na vidole tisa. Aliyetaka kuonyesha alitumia kidevu au alikunja ngumi. Na mbele ya mgeni, pango halitajwi kabisa.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Mambo ya pango aliyaita ushamba, tena kwa sauti kubwa. Ila sikuwahi kuona kidole chake kikielekea kule.

Mwaka huo serikali ilileta wapimaji wa mashamba. Mpaka wetu na jirani yetu, Mzee Mwakio, ulijulikana tangu babu zetu walipolima pamoja: kutoka kijitoni kupanda hadi kwenye mwamba wa pango. Tatizo ni kwamba mlima wetu umejaa miamba. Upo mmoja chini kidogo, upande wetu, hauna kitu isipokuwa mijusi. Kati ya miamba hiyo miwili ndiko kulikokuwa na nduma za Nyanya, zilizotulisha kila mahindi yalipokataa.

"Mwamba gani?" mpimaji aliuliza. Alikuwa kijana mgeni, amechoka na jua.

"Ule," baba alijibu, akainua kidevu.

"Upi, mzee? Naona miamba ishirini hapo."

"Ule wa juu juu."

Mzee Mwakio naye akasaidia kwa ngumi, akaizungusha hewani kama anayefukuza inzi. Watu wazima sita walisimama pale, wote wamebatizwa, wakitikisa videvu kama mbuzi wanaotafuna. Mpimaji akaishiwa na subira. Akamwambia msaidizi wake agonge kigingi penye mwamba wa mijusi.

Kigingi kikaingia. Nduma zote zikawa za Mzee Mwakio. Baba aliinua kidevu tena, akakishusha. Mzee Mwakio alitazama viatu vyake. Nyanya alikaa chini katikati ya majani ya nduma akayashika kwa mikono miwili.

Sikuvumilia kumwona vile. Nikanyoosha mkono wote hadi kidole.

"Si huo! Ni ule, pale, wenye vichaka!"

Mpimaji alifuata kidole changu, akamtazama baba. "Kumbe ni rahisi hivyo?" Kigingi kikang'olewa, kikapandishwa hadi mahali pake. Nilidhani nitapongezwa, lakini baba alirudi nyumbani bila kunitazama.

Siku ya tatu kidole kikavimba.

Nilikifunga kwa kitambaa na kukificha. Nililia peke yangu kijitoni, nikihesabu vidole vitakavyobaki. Nyanya alinigundua kwa sababu nilikula kwa mkono wa kushoto. Alikigeuzageuza kidole kwa muda mrefu.

"Hii si ya pango," alisema. "Wale kule juu wangekukasirikia kwa nini, na wewe umewarudishia mpaka wao? Hapa kuna mtu ana hasira na wewe, ameificha."

Kwetu sisi Wadawida, yaani Wataita, hasira iliyofichwa moyoni humdhuru mwingine, hasa mtoto. Dawa yake huitwa kutasa. Mwenye hasira huchukua maji kinywani, huyapuliza nje, kisha hutamka baraka. Sote tulijua ni nani. Mzee Mwakio aliitwa, na alifika kabla chai haijachemka.

"Mama, nilinyamaza siku ile, hilo ni kosa langu," alimwambia Nyanya. "Lakini hasira sina. Mtoto aliniokoa. Ningekulaje zile nduma?" Hata hivyo alichukua kibuyu cha maji, akayapuliza, akaniombea nikue na nipone.

Nyanya hakukipokea kibuyu. Alikiacha mkononi mwa Mzee Mwakio akatungoja.

"Nipe," baba alisema.

Sikuamini. Yule mzee wa kanisa alisimama mbele ya mama yake, jirani yake na mimi. "Ni mimi. Niliogopa mbele ya watu, mtoto wangu hakuogopa. Kila nikimwona moyo unanichemka." Akajaza maji kinywani, akayapuliza, mengine yakanirukia miguuni. "Hasira itoke. Mwanangu, uwe mzima."

Kesho yake alinipeleka zahanati kwa miguu, akinishika ule mkono mwingine. Tabibu alitoa mwiba mdogo kidoleni kwa sindano. Alidai amenitibu yeye, na Nyanya hadi anafariki alimhesabu kuwa msaidizi wake. Mimi nimekuwa mwalimu, na ninauamini ule mwiba. Lakini si mwiba uliotolewa ulionifanya nilale usiku ule nikiwa na furaha.

Sasa nimestaafu, ninaandika historia ya kijiji chetu: nani alitoka wapi, nani alimwoa nani, nani yuko kwenye safu ipi pangoni. Daftari la tatu linakaribia kujaa. Vijana wanayajua mashamba kwa namba tu. Nikiwaonyesha kwenye ramani mstari unaopanda hadi mwambani, wanadhani ni kazi ya serikali. Nduma bado zipo, na wajukuu wa Mzee Mwakio huzichimba pamoja na wetu.

Wiki iliyopita nilifika kwenye ukurasa wa baba. Nyadhifa zake za kanisa ni nyingi, na angependa nianze nazo. Nilifikiri sana, nikaziweka chini. Mstari wa kwanza nimeandika: alimkasirikia mtoto wake, akasimama akasema. Nilipomaliza kuuandika nililia, kisha nikaenda kumpigia simu binti yangu, ambaye tulikuwa hatujaongea naye tangu Pasaka.