Doa Kifuani mwa Bi Mwanahamisi

Mimi kazi yangu hapa hospitalini Tanga ni kupakia filamu kwenye makasha yake na kusafisha picha za eksirei, si kuzisoma. Juma lililopita niliona doa jeupe, mfano wa mwezi mwandamo, kifuani mwa Bi Mwanahamisi wa Ngamiani. Kwa ujuaji wangu sikumngoja daktari, nikamnong'oneza kuwa ni kifua kikuu. Maskini, akamwachisha mwanawe ziwa, akampeleka Pangani kwa bibi yake.

Jana tukampiga picha nyingine. Doa lipo, ila sasa limekaa juu ya bega, nje ya mwili kabisa. Daktari akanishika gumba, akaupachika ukucha wangu juu ya doa. Ukaenea sawasawa.

“Unaibonyeza filamu unapoipakia,” akasema.

Bi Mwanahamisi alikuwa mlangoni, kanga imemlowa maziwa. “Kumbe mwanangu analia Pangani kwa ajili ya ukucha?”