Mashine Iliyolala Chini ya Sukari

Miye katika mambo ya mizigo hakuna la kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, lakini tangu biashara binafsi iruhusiwe nimenunua lori kwa jasho langu, na sasa hata wanafunzi wa uhandisi wanatoka Dar es Salaam kuja Kibiti kujifunza kwangu.

Siku hiyo walikuja watatu. Nilikuwa na mashine ya kusaga ya Bi Mwanahawa, muuza vitumbua wa Bungu, na magunia sitini ya sukari ya kuwahi boti Nyamisati kabla maji hayajapwa. Nikaamuru mashine itangulie kupakiwa.

Binti mmoja akauliza, "Mzee, si tunaanza kufika Bungu?"

"Andika, mwanangu," nikamwambia. "Kizito hukaa chini."

Akaandika.

Tulipofika Bungu, Bi Mwanahawa alizunguka lori mara mbili. "Mashine yangu iko wapi, baba?"

"Chini ya sukari, mama."

Akanitazama kwa huruma, akafunua beseni lake. "Vitumbua vya mteja wa kwanza hivi hapa juu. Vya mteja wa mwisho viko chini. Hukujua?"

Wanafunzi wakaandika na hilo. Kisha, Mungu awabariki, wakakunja mikono ya mashati, tukashusha magunia yote sitini, tukatoa mashine, na kuyapakia tena.

Nyamisati, nahodha alikuwa ametungoja mpaka boti ikakaa kwenye tope. Fidia niliyomlipa, pamoja na vitumbua tulivyokula Bungu: shilingi elfu kumi na mbili, mia nne na themanini.