Tewa wa Tengefu

Kefule! Hata leo nikipita pale ufuoni kwetu Likoni roho hunichafuka, na si kwa shombo. Shombo nimelizoea. Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki nauza tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno. Kinachonichefua ni mwenyekiti wa kamati yetu ya wavuvi.

Tulikaa kikao sote, wavuvi na sisi wakaangaji, tukakubaliana kuzungushia maboya kipande cha mwamba, kisivuliwe kabisa, samaki wapate kuzaliana. Pahala hapo ndipo tunapopaita tengefu. Ilitubana, wallahi. Wanaume wakawa wanakwenda mbali na kurudi na visamaki vya kumlisha paka, ambavyo zamani ningeona haya kuvitia karaini. Lakini tulivumilia, maana samaki wakubwa walikuwa wamekwisha na kila mtu aliliona hilo kwa macho yake.

Siku moja mkondo ukamsukuma mume wangu, nyavu zake zikaingia ndani ya maboya. Mwenyekiti hakutaka maelezo. Alizichoma pale pale mchangani, watu wanatazama, na mume wangu kasimama pembeni. Mimi nilikuwa nawaka. Yeye akaniambia tu, "Wacha, mke wangu. Ikiwa ni kwa ajili ya sote, sawa." Akabaki na wavu mmoja mkuukuu uliotoboka, akautundika ukutani, akawa anavua kwa mshipi.

Basi wakaja wageni wa mradi uliotufadhili maboya, kuiona tengefu yetu. Mahema yakasimamishwa, viti vikavishwa vitambaa, spika zinanguruma tangu asubuhi. Nikaitwa nikaange. Nikaletewa beseni limefunikwa gunia, nikalifunua. Tewa! Tewa wa kukumbatia, wa aina ambayo miaka sijaitia machoni. Nikamuuliza mwenyekiti wametoka wapi, naye bila hata kuinamisha uso akanijibu:

"Si kule kule ndani, mamangu. Tumefungua leo tu. Wageni wataaminije kwamba samaki wamerudi, wasipowaona sahanini?"

Na anacheka! Mtu hana haya, hana vibaya. Akaniambia nitie ndimu ya kutosha, akaenda zake kupokea wageni, kanukia udi kama bwana harusi.

Nikamtumbua wa kwanza. Mayai yakanimwagikia viganjani, tumbo zima mayai. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu. Hawa ndio wazazi tuliowakalia njaa! Maisha yangu yote natumbua samaki na sijapata kutapika, lakini siku ile nilitema mate mpaka kinywa kikakauka.

Nikayakusanya mayai yote, mabichi, nikayatia kwenye sinia. Nikaenda nayo hadi meza kuu, mikono ina damu, nikayaweka mbele yao baina ya chupa za maji na maua ya plastiki.

"Haya ndiyo mliyokuja kuyaona," nikasema. "Yangekuwa samaki wetu haya. Mwenyekiti kawatoa mama zao tengefuni leo hii, apate kuwalisha nyinyi."

Mwenyekiti kanitolea macho. Wageni wakatazamana, nami nikasema moyoni, alhamdulillahi, wamefahamu. Kisha bwana mmoja aliyevaa kofia ya mradi akalivuta sinia, akalipiga picha kwa simu yake.

"Mengi kweli," akasema. "Mama, na haya pia huwa mnayakaanga?"

Wakacheka. Mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata, mwenyekiti akiwa wa kwanza wao.

Tobaa! Nikaumwagia moto maji, nikawaachia tewa wao wabichi, nikarudi nyumbani na magamba mikononi. Mume wangu akashangaa kuniona mapema. Nikamweleza yote, nikitukana kila baada ya neno. Yeye hakutukana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akautungua ule wavu ukutani, akaketi nao kibarazani, akaanza kuushona.

"Utautega wapi?" nikamuuliza, na jibu nalijua.

"Kule kule ndani."

Nikanawa mikono, nikaketi upande wa pili, nikamshikia wavu ashone.