Viganja vya Kabiria

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi katika jengo la Upper Hill, nilipotamani sana kusema uongo. Mzee Wanjala, fundi wa umeme aliyenifunza kazi ya stima, alikuwa chini ameshika ngazi. Tulimzika mwezi uliopita, na tangu hapo maneno yake hunijia hata nikinywa chai. Ndiyo maana nakuandikia, wewe unayeifanya kazi hii hii.

Aliniuliza kwa kunizungumzisha tu, "Ile kazi yako ya kule Kabiria uliifungaje?"

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu: kisiagi cha Mama Mueni, mashine ya kusaga mahindi. Mota ya kisiagi hutetemeka, tena husogezwa kila mkanda ukilegea, kwa hiyo waya zake hupitishwa ndani ya paipu inayopinda. Paipu hizo ni za aina mbili, za plastiki na za chuma. Ile ya plastiki panya walikuwa wameitafuna, nami nikaweka ya chuma. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipojiambia kwamba chuma chenyewe kitaipeleka stima ardhini ikivuja, nikaacha kuvuta ule waya wa kijani unaofanya kazi hiyo. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na kiburi, na hao wawili ni ndugu wa tumbo moja.

Mficha uchi hazai. Niliteremka nikamwambia ukweli. Hakunifokea.

"Nani hugusa hiyo mashine?"

"Mama Mueni peke yake, Mzee."

"Wewe umewahi kwenda kusaga unga?"

"Hapana. Nyumbani alikuwa akienda mama."

"Basi hujui kitu. Beba vyombo twende."

Njiani Mzee alinieleza, ndipo nikaelewa. Mahindi ya mteja yakiisha kusagwa, yeye huipiga mashine kwa kiganja mpaka unga wake wote uanguke, asimwachie wa nyuma hata kijiko. Kila mteja, mwanangu! Niliongeza mwendo nikiwaza viganja vyote vya Kabiria.

Tulikuta mashine inanguruma na foleni imefika barabarani. Mama mmoja mbele alikuwa ameinua mkono tayari. Mzee hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa akakata stima.

"We mzee, unga wangu uko ndani!" yule mama akafoka.

"Utaupata, mama. Na utaula ukiwa mzima."

Hapo ndipo nilipoona alichoshika yule mama. Ulikuwa mwiko wa kusongea ugali.

"Afadhali mmekuja," Mama Mueni akasema. "Tangu jana hii kitu inaniwasha vidole. Nikawaambia watu wagonge na mwiko, mtu asiguse na mkono."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Nikacheka, kisha nikafuta macho. Hakuna aliyekuwa ameumia.

Mzee alifungua paipu. Mtetemo ulikuwa umelegeza mdomo wake, na makali ya chuma yakaukwaruza waya mpaka shaba ikaonekana. Stima ilikuwa imeingia kwenye chuma chote, haina njia ya kushuka ardhini. Hakuitoa paipu ile. Alibadilisha waya uliokwaruzwa, akapitisha ule wa kijani ndani ya paipu, akaufunga vizuri pande zote mbili, akavisha mdomo wa paipu pete ya plastiki. Nami nikamwambia Mama Mueni kwamba kosa lilikuwa langu.

"Kijana, ulisomea stima ama upishi?" akaniuliza, na foleni nzima ikacheka. Sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile.

Basi sikia, mwanangu. Penye panya, joto au kugongwagongwa, chagua paipu ya chuma. Penye maji, kama ile pampu tuliyofunga bustanini kule Karen, chagua ya plastiki, maana haishiki kutu. Lakini yoyote utakayochagua, waya wa kijani usikose. Na kabla ya kuchagua, uliza ni nani ataigusa kazi yako, naye huigusa vipi. Ukikosea, sema mapema, kungali na nafasi ya kurekebisha.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayegusa ulichokifunga arudi kwao salama.