Kahawa ya Kutafuna ya Babu

Niliweka mavi ya mbuzi kwenye kahawa ya Babu. Naanza na hilo msije mkasema niliwaficha. Zilikuwa punje chache tu, kavu, nyeusi; ukizichanganya na kahawa ya kutafuna, hata mbuzi mwenyewe hazitambui.

Enzi zetu (chekeni tu, niko kidato cha tatu, lakini nina binamu wa darasa la pili, kwa hiyo nami nina enzi) Jumamosi ilikuwa siku ya Babu, baba yake Mama, tuliyeishi kwake kijijini Muleba. Umande ukiwa bado kwenye migomba, anagonga dirisha kwa fimbo: "Miguu inaniwasha. Nani anakuja?" Tunatoka wajukuu watano, nyuma yake kama bata. Anapita kibanjani akipapasa migomba kama daktari wa zamu, kisha tunatokea rweya, uwanda wa majani na upepo, tukichuma matunguru, yale matunda mwitu mekundu. Ziwa likionekana kwa mbali, anavua kofia na kulisalimia kwa Kihaya, kwa heshima zote, kama mkwe. Mwishowe wenzangu wakauchoka umande, nikabaki mimi peke yangu.

Sasa, ule mtego wa mavi haukuwa wa kumnasa Babu. Ulikuwa wa kumnasa kaka yangu, mdokozi wa kahawa. Kumbe siku hiyohiyo wakaja wazee wawili kutoka Kimwani kumposa mama mdogo.

"Mjukuu wangu, lete kahawa!"

Nilileta. Ningekimbilia wapi? Kwetu mwenyeji hutafuna kwanza, wageni waone haina sumu. Babu akachota punje tatu, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Akanitazama. Akatafuna tena, polepole, akameza.

"Hii haijakauka vizuri, wazee wangu," akasema, akifunika kikapu. "Waleteeni ile ya jana."

Posa ilipita. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Fimbo ningeivumilia, nimeizoea. Nilichoogopa ni Jumamosi kufika bila dirisha kugongwa.

Likagongwa. "Miguu inaniwasha." Tukapita kibanjani, tukapanda hadi rweya, akavua kofia, akalisalimia ziwa. Ndipo akaniuliza, bila kugeuka:

"Yalikuwa ya yule dume mweupe?"

"Ndiyo, Babu."

"Nilijua. Machungu yale!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Hatukulizungumza tena.

Sasa Babu amelala kibanjani, katikati ya migomba yake. Jumamosi iliyopita nilichukua fimbo yake nikagonga dirisha la binamu zangu. Sauti ikatoka chini ya blanketi: "Kaka, ukifika huko juu tutumie picha." Watoto wa siku hizi! Wanatembea kwa kidole gumba.

Nikaenda peke yangu. Nilipofika pale pa kuvua kofia, nikakumbuka sina kofia, nikalia kama mjinga. Niliporudi nilimkuta Mama anamenya ndizi, nikamwambia yote, mavi ya mbuzi na kila kitu, nikijiandaa kukwepa ule mkono wenye kisu.

Hakunyanyua hata macho. Alisema:

"Babu yako aliniambia siku ileile. Nilishashika fimbo, akaninyang'anya. Akasema, 'Mwache, mwanangu. Ukimuumiza miguu, Jumamosi nitatembea na nani?'"