Vidole vya Haji Abdulhadi

Celestine wa Butere alikuja Jeddah kufanya kazi za nyumba, akaishia kulea mzee. Haji Abdulhadi alikuwa na miaka themanini na sita, na kiharusi kilikuwa kimemwondolea maneno yote. Kiarabu kilikwenda, hata lugha ya kwao ikaenda.

Na hakuwa mtu wa mchezo, jamani! Kwao ni Shigatse, mji wa Tibet huko juu milimani, mji wa watawa wa Kibudha. Waislamu walikuwa wachache lakini walihitajika: watawa nyama walikula, kuchinja wakaogopa dhambi, basi kisu akakishika babake Abdulhadi. Abdulhadi mwenyewe aliuza sufu, vito vya feruzi, na chai iliyoshindiliwa kama tofali. Nchi ilipochafuka wakatoroka, wakahiji, wakabaki. Miaka hamsini akauza tasbihi Balad, soko la kale la Jeddah. Haya Celestine aliyasikia kwa madam Hala, binti wa mzee, kwa haraka haraka.

Asubuhi moja akimlisha uji, mzee akapenyeza mkono ndani ya mkono wa gauni la Celestine, akamminya vidole viwili, akaachia, akaminya vitatu. Celestine akautoa ule mkono, akaendelea kumlisha. Kesho yake, tena. Siku ya tatu, tena, na macho hayabanduki usoni pake. Ai! Wewe ungefanyaje? Alikuwa amewasikia kwenye simu wasichana wa kazi wa Riyadh, kule Manfuha, mtaa wa waliotoroka mabosi, wakisimulia mambo yaliyoanza kidogo kidogo hivyo hivyo. Akamwendea Hala. Akasema, "Madam, babu ananishika."

Hala aliona aibu hata asiulize anashikwaje. Alimpigia kakake wa Riyadh, na wiki haikuisha mzee akaambiwa anahamia huko, akalelewe na nesi wa kiume. Mzee alilia siku mbili, mdomo wazi, bila sauti.

Siku ya safari akaja kuaga Marwan, jirani yake wa dukani, ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Mzee akapenyeza mkono ndani ya mkono wa kanzu ya Marwan. Marwan akacheka, kisha machozi yakamtoka.

"Mzee Marwan, anafanya nini?" Celestine akauliza.

"Anapatana bei, mwanangu. Kwao wafanyabiashara walikubaliana hivi, vidole ndani ya nguo, watu sokoni wasione. Mimi alinifundisha mwenyewe. Hampi mkono mtu asiyemwamini."

Celestine akaushika mkono wa gauni lake. "Anataka kununua nini?"

"Bei anaitaja, kubwa kweli. Kitu chenyewe vidole havisemi."

Celestine alitoka mbio mpaka kwenye gari, aliposimama Hala. "Madam, nilikosea! Babu hakunifanyia ubaya. Ni desturi ya kwao, muulize Mzee Marwan!"

Hala akamshika bega, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha. "Wanaume wazee hawa watateteana tu. Usiogope, Celestine. Kazi yako ipo. Mimi nimekuamini."

Mungu wangu! Wangapi Manfuha walisema kweli, wakaitwa waongo, wakarudishwa kwao na nguo walizovaa? Yeye alikosea, akaaminiwa siku hiyo hiyo, na sasa hakuna namna ya kuipunguza imani hiyo. Alirudia mara tatu, mzee akiingizwa garini, kwa Kiarabu chake cha jikoni, na kila aliporudia Hala alizidi kumwonea huruma.

"Halas, yamekwisha," Hala akasema, akafunga mlango wa gari, na baba yake ndani.