Choo cha kanisa na uji wa Wekesa

Leo nimemwonea wivu mtu aliyekuwa ndani ya shimo.

Nyinyi wa nyumbani Bumula mnajua nilichaguliwa mwenyekiti wa kanisa letu sisi vibarua, hapa kambini Kitale. Kabla ya kura, mimi na mpinzani wangu Wekesa tuliahidi kitu kimoja: kuchimba choo cha kanisa.

Nikashinda. Choo nikakiahirisha. Jembe linanichosha wiki nzima, na akina mama walikuwa wanajificha kwenye mahindi kujisaidia.

Sasa mahindi yamevunwa. Shamba ni wazi mpaka barabarani.

Leo nikitoka kazini nasikia udongo unarushwa nyuma ya kanisa. Ni Wekesa, shimo limemfika kifuani.

"Wewe si ulishindwa?" nikamuuliza kwa ukali.

"Kura nilishindwa, ndugu. Lakini niliahidi mbele ya watu."

Hata hakuwa ananisuta. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi!

Mara Mama Nafula wa kanisani akaja na akina mama wenzake, ameleta uji, kikombe kimoja. Nikanyoosha mkono. Si mimi ndiye mwenyekiti?

Akanipita.

"Huo ni wa Wekesa, bana. Wewe tulikupa kiti, kalia."

Wenzake wakacheka mpaka nikatamani kujificha, na mahindi ndiyo hayo hayapo.

Basi nikavua shati, nikamwambia Wekesa atoke anywe uji wake. Nimechimba mpaka jua likazama. Mikono imechubuka, na wivu haujaisha.

Niambieni ukweli: kesho nikitangulia kufika na jembe, hao akina mama wataniletea uji?